Picha zinavyomfanya mkazi wa Garissa auone mji wake kwa macho ya wageni

JINA la Garissa linapotajwa jijini Nairobi, wengi huona picha kabla hawajaufikiria mji wenyewe: ardhi iliyokauka, mzoga wa ng'ombe kando ya barabara, hema la mkimbizi, ama askari mwenye bunduki langoni mwa chuo.

Picha hizo si za uongo. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizoko Dadaab, zilianzishwa 1991 na 1992, na wakati wa ukame wa 2011 wapigapicha wa mataifa mengi walimiminika huko. Nayo Aprili 2, 2015, magaidi wa Al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Picha za miili zilienea simuni siku zile zile.

Tatizo lipo katika utendakazi wa vyumba vya habari. Mpigapicha hutumwa kaskazini mashariki kunapotokea janga, nadra siku ya kawaida. Baadaye ikija habari ya barabara au mtihani, mhariri mwenye haraka huchukua iliyopo. Hivyo sura ya msiba wa zamani hurudi gazetini, chini yake yakiwa maneno madogo, "picha ya maktaba", ambayo ni wachache wanaoyasoma.

Mkazi wa Garissa naye ni msomaji. Kijana aliyezoea kelele za soko la mifugo na mashamba ya maembe kandokando ya Mto Tana huvuka daraja kwenda kusoma, na huko huonyeshwa kwao palivyo. Akiulizwa atokako, hujikuta akijitetea kabla hajashtakiwa. Si ajabu kwamba kwa miaka mingi wenyeji waliovuka daraja hilo walisema wanakwenda "Kenya".

Hata hivyo, kukosekana kwa picha nako kuna machungu yake, pengine makubwa zaidi. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Karatasi mjini Garissa ulichomwa na maafisa wa usalama, na Februari 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa na kuuawa katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Eneo hilo lilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, ambazo ziliondolewa 1991. Habari hizo zilibebwa na ndimi za wazee na wajane, hadi tume ya ukweli, haki na maridhiano ilipoziandika katika ripoti yake ya 2013. Aliyedai ushahidi mara nyingi hakuwa na picha ya kuonyeshwa.

Kisha 2017 ikaja picha ya namna nyingine. Twiga jike mweupe na ndama wake walinaswa kwa kamera katika hifadhi ya Ishaqbini, kaunti ya Garissa, na video hiyo ikatazamwa kote duniani. Kwa mara moja jina la kaunti liliandamana na kitu cha kustaajabisha, na mwenyeji aliweza kumtumia rafiki wa mbali bila maelezo.

Machi 2020 ikatangazwa kwamba jike huyo na ndama wake wameuawa na majangili. Habari hiyo pia ilisambaa upesi, na magazeti mengi yaliichapisha pamoja na picha ile ile ya 2017.