Korongo wa Bomet na msimu wa kaskazi

Shemeji yangu amefundisha Bomet miaka mingi, na kila mwaka hunialika nami hutafuta udhuru. Safari hii nilikwenda, mwezi wa Machi, na kamera yangu ya mitumba na lenzi ya milimita 300 niliyoazima kwa kijana mmoja mpiga picha za harusi hapa mtaani. Barazani waliniuliza: Bomet kuna nini cha kupiga picha isipokuwa majani ya chai na baridi?

Kuna ndege, na wengine ni wageni kama mimi.

Asubuhi ya kwanza, upande wa Sotik, trekta lilikuwa linalima shamba la mahindi kabla ya mvua ndefu. Nyuma yake walitembea ndege wakubwa weupe, kama arubaini hivi, ncha za mbawa nyeusi, midomo na miguu myekundu. Waliokota funza na panzi katika udongo uliopinduliwa, bila haraka, utadhani wazee wanakagua kazi. Hao ni korongo weupe wa Ulaya. Huku wamekuja kukimbia baridi ya kwao, na mwezi wa Machi ndio hujiandaa kurudi, kwa sababu Ulaya majira ya kuchipua yanaanza na viota vinawangoja juu ya mapaa ya nyumba.

Sisi watu wa pwani jambo hili halitupi tabu kulielewa. Majahazi ya Omani na Ghuba yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Ratiba ya ndege wahamiaji ni karibu ile ile. Wapo hata wanaoutumia upepo wenyewe: kozi wa Amur, ndege mdogo asiyemzidi njiwa, hutoka Siberia na kaskazini ya Uchina, na mwezi wa Novemba au Desemba huvuka bahari kutoka Bara Hindi hadi Afrika akisukumwa na kaskazi, zaidi ya kilomita 3,000 bila pa kutua. Nahodha gani huyo!

Korongo hawezi hayo. Mwili wake mzito hupaa kwa hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya bahari pana hewa hiyo haipo. Kwa hivyo hufuata bonde la Nile, hupita Sinai, Palestina na Uturuki, ndipo aingie Ulaya. Zamani Wazungu hawakujua huenda wapi akitoweka. Mwaka 1822 huko Ujerumani aliuawa korongo mmoja mwenye mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni, naye alikuwa ameruka nao safari nzima. Amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Kwa mpiga picha, hewa hiyo ya moto ina faida. Korongo haruki alfajiri. Subiri hadi saa tatu au saa nne jua likolee, utawaona wanainuka wakizunguka bila kupiga mbawa. Weka kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde au zaidi, jua liwe mgongoni mwako, na ukiweza kaa ndani ya gari, kwani ndege huogopa mtu kuliko gari. Katikati ya chai yenyewe usipoteze muda. Ni kijani kizuri lakini ndege ni wachache. Nenda kwenye vipande vya msitu kando ya mito, kama Nyangores, ambako chozi hunyonya maua na mbega hukutazama kutoka juu.

Sasa niseme kosa langu. Nyuma ya shamba la jirani wa shemeji kuna kinamasi kidogo, na humo walikuwamo korongo taji wawili, wale wa bendera ya Uganda. (Kiswahili kinawaita wote korongo, ingawa si jamaa.) Nilitaka picha ya karibu. Nikavua viatu, nikaingia matopeni. Waliruka kwa kelele, na pale waliposimama niliona kiota chenye mayai mawili. Juu yetu kunguru alikuwa tayari anazunguka.

Mzee mwenye shamba alipiga ukelele: "Mswahili, toka hapo! Unataka wasirudi?"

Nilitoka kwa aibu. Tulikaa mbali zaidi ya nusu saa, mimi sisemi kitu, mpaka mmoja akarejea na kulalia mayai. Mzee akanieleza kwamba kinamasi kile zamani kilikuwa kikubwa. Kipande kimelimwa mboga, kipande kimepandwa mikaratusi, mti ambao viwanda vya chai huununua kwa kuni za kukaushia majani, nao hunywa maji sana. Korongo taji kwa kawaida hujenga kiota penye maji na majani marefu. Tangu 2012 wamewekwa duniani katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, na mojawapo ya sababu ni watu wanaochukua makinda kuwafuga au kuwauza.

Hapo ndipo simu zetu zinapoingia. Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Ukiirusha kwenye kundi la WhatsApp kama faili (document), umemchorea mwizi njia. Zima huduma ya mahali, na picha ya kiota usiitume kabisa.

Lakini kuona bila kuandika nako ni hasara. Upo mradi wa Kenya Bird Map, ambao Makumbusho ya Taifa ni mshirika wake. Nchi imegawanywa katika miraba yenye pande za kilomita tisa hivi, na mtu yeyote anaweza kupeleka orodha ya ndege aliowaona katika mraba wake. Wenye kamera kubwa hupita Bomet wakikimbilia Maasai Mara, kwa hiyo orodha ya mtu wa kawaida wa huku ina thamani. Hali kadhalika kwetu: vitwitwi wa Mida na mdomo wa Sabaki mwezi wa Aprili huanza kugeuka wekundu kifuani kabla ya kuondoka, na anayepita hapo kila siku ni mvuvi.

Nilipeleka orodha yangu, ndege kumi na tisa. Picha ya korongo taji haikutoka vizuri, imetikisika. Mzee ameahidi kunipigia simu mayai yakiangua.