Uvira: Pwani inapungua, wanawake wataogea wapi?

UVIRA – Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, wakaaji wa Songo na mitaa ya jirani huwa wameshateremka Tanganyika. Mama anabeba bido na beseni la nguo, kijana ana sabuni mkononi na taulo begani. Wanaume wanavua nguo upande wao, wanawake upande wao, na kila mmoja anajua kugeuza macho. Hakuna ukuta wala kibao. Ni desturi tu inayowasitiri.

Lakini desturi hiyo inahitaji nafasi, na nafasi inazidi kupungua.

Mji wa Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu, ukabomoa nyumba nyingi na kuharibu mitambo ya maji ya Regideso. Mwaka 2021, kisha tena 2024, ziwa lenyewe lilipanda na kuingia katika nyumba za pwani. Mahali ambapo watu walizoea kuogea pakamezwa na maji. Sehemu nyingine zina parseli zenye uzio, na anayetafuta njia ya kufika majini hulazimika kuzunguka.

Kwa mwenye robine na bafu nyumbani, jambo hilo ni dogo. Kwa familia inayohesabu bido moja moja, ziwa ndilo bafu. Mwanamke asiyepata pembe yenye faragha hubaki na njia mbili: aoge mbele ya wapita njia, au angoje giza. Na giza la pwani lina hatari zake, kwa sababu viboko na mamba wanajulikana katika maji haya ya kaskazini ya ziwa, sembuse watu wenye nia mbaya.

Sheria mbili, mwogaji mmoja

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inaweka sakafu ya ziwa, hadi mstari unaofikiwa na maji yanapojaa kwa kawaida, katika mali ya umma ya Serikali. Mali iliyotengwa kwa matumizi ya umma haiuzwi maadamu haijaondolewa rasmi katika matumizi hayo. Kwa maneno mengine, mama wa Songo anapokanyaga ukingo huo haingii katika parseli ya mtu.

Lakini kitabu cha sheria za jinai, katika kifungu cha 176, kinamwadhibu anayefanya hadharani kitendo cha kuudhi haya za watu: kifungo cha siku nane hadi miaka mitatu, faini, au vyote viwili. Mwenye kuoga kwa kukosa maji nyumbani hana nia ya kumuudhi yeyote. Hata hivyo, pasipo mahali palipotengwa na kujulikana, anayetaka kumsumbua hakosi kisingizio.

Funzo kutoka Afrika Kusini

Kwingineko, ardhi ya umma imetengwa kwa ajili ya watu kukaa uchi kwa mapumziko. Hao huitwa naturisti, na Ufaransa wana makao yao katika kisiwa cha Levant tangu 1931. Afrika Kusini, mwaka 2014, manispaa ya Hibiscus Coast ilikubali ombi la naturisti la kutumia plaje ya Mpenjati, jimbo la KwaZulu-Natal. Viongozi wa dini na baadhi ya wakaaji walipinga. Mwaka 2017, Mlinzi wa Umma wa nchi hiyo, ofisi inayopokea malalamiko ya raia dhidi ya serikali, alitoa uamuzi kwamba manispaa haikufuata utaratibu unaotakiwa.

Songo si Mpenjati. Huko waliomba starehe. Huku watu wanatafuta kuoga kwa heshima. Lakini funzo ni lilelile: ardhi ya wote haigawiwi kwa barua ya ofisi moja. Wakaaji, viongozi wa dini, wavuvi na wenye parseli wasikilizwe kwanza, na mwenye mamlaka halali ndiye atie sahihi.

Kinachowezekana

Kutenga mahali pa kuogea hakuhitaji mambo makubwa: mipaka inayoonekana, upande wa wanawake na wa wanaume, uzio wa matete, njia isiyofungwa na mtu, na choo mbali na maji. Jambo moja halina mjadala: pa kuogea pasiwe pa kutekea. Uvira ni mji ambao kipindupindu hakijawahi kuuacha kwa muda mrefu, na maji yaliyoogewa huishia katika bido la jirani.

Dawa kamili ni robine inayotoa maji kila siku. Mpaka siku hiyo ifike, ukingo wa ziwa ni bafu la maelfu ya watu, na kila mita inayofungwa inamsogeza mama mmoja karibu zaidi na barabara.