Barabara yetu ni ya nani? Daftari la mshauri wa komine



Mvua ya Lubumbashi mnaijua. Mwezi wa 12 uliopita maji yalipita tena katikati ya avenii yetu, yakaingia katika nyumba tatu, na mamotari wakaanza kutushusha kule mbali: "Mwisho hapa, papa, miye siingie mule." Vijana tukakusanyika. Tukasema, twende kwa mshauri wetu wa komine (Watanzania wangesema diwani), maana sisi ndio tulimpigia kura. Tulienda na hasira. Tulirudi na hasira pia, lakini ilikuwa imehama mahali, na ndiyo maana naandika.

Papa mshauri alitupokea nje, chini ya mwembe. Akaleta daftari la shule. Ukurasa wa kwanza kulikuwa vipaumbele vyake tangu kampeni: barabara, kanivo, soko, taa, viwanja vinavyouzwa juu ya njia ya maji. Pembeni ya kila mstari aliandika kwa wino mwekundu ni nani mwenye kazi hiyo: Leta, jimbo, mji, OVD, ofisi ya ardhi. Akaniambia: "Leki yangu, bintu byote bananiomba, funguo iko kwa mwingine. Na makuta njo haifikake."

Tuanze na barabara yenyewe, juu hapa wengi tunachanganya, hata miye na lisansi yangu. Barabara ya taifa namba 1, ile inayotoka Kasumbalesa, inapita Lubumbashi na kwenda Likasi, ni ya Leta ya Kinshasa. Office des Routes ndiyo inashughulika nayo, na kuna mfuko wa FONER, uliowekwa na sheria ya 2008, unaokusanya pesa kwenye mafuta ya gari na kwenye peaje kwa ajili ya matengenezo. Njia kubwa za ndani ya mji na mifereji mikubwa, hapo utasikia jina la OVD, nayo ni ya Leta. Njia za vijijini zinazotoa mahindi shambani zina idara yao nyingine. Komine inabaki na nini? Matengenezo ya njia ndogo za kartye, kanivo ndogo, soko, usafi. Basi kumwomba mshauri wa komine atie lami barabara ya Kasumbalesa ni kama kumwomba mwalimu wa darasa la kwanza akupe diplome ya Unilu. Lakini kanivo ya avenii yetu, ile ni yake. Hapo hakuna kukimbia.

Sasa, utawala. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataja aina nne za maeneo yenye kujitawala na bajeti yao: mji, komine, sekta na sheferi. Teritwari haimo! Watu wengi hawaamini nikiwaambia. Administrata wa teritwari ni mtu wa Leta, hana baraza lililochaguliwa juu yake. Kartye pia haimo. Shefu wa kartye hakuchaguliwa na mtu. Katika komine, baraza la washauri linapiga kura ya bajeti na linamuuliza burgumestri hesabu ya kazi yake. Tena sheria inataka baraza lenyewe limchague burgumestri. Tulichagua washauri tarehe 20 Desemba 2023, siku moja na rais na wabunge, lakini katika komine za miji mikuu ya majimbo tu. Hatua za kufuata, baraza la mji, burgumestri na meya wa kuchaguliwa, zikachelewa. Kwa hiyo mshauri aliyechaguliwa akajikuta anamuuliza hesabu burgumestri aliyewekwa kutoka juu. Jaribu kufikiri mwenyewe mazungumzo yale yanavyokwenda.

Na makuta? Hapa ningependa mkae kidogo. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na yazuiliwe kule kule yanakotoka. Sheria ya 2008 inasema katika fungu hilo la jimbo, asilimia 40 ni ya miji, komine, sekta na sheferi. Piga hesabu: kwa kila franka 100, jimbo lipate 40, na katika zile 40, maeneo ya chini yapate 16, wagawane kwa kuangalia uwezo wa kuchangia, ukubwa wa eneo na wingi wa watu. Franka 16 si kidogo. Ila kwa kawaida pesa hazizuiliwi huku; zinapanda kwanza Kinshasa, halafu zinarudishwa kwa kile tunaita retrosesioni. Kinachorudi kinachelewa na kinapungua, na kinapofika jimbo kina safari nyingine ya kushuka.

Kwetu Katanga kuna mlango mwingine. Kodi ya madini, tangu sheria ya migodi ilivyobadilishwa mwaka 2018, inagawanywa hivi: 50 kwa Leta, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo ambamo mgodi umo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zile 15 zinapaswa kwenda moja kwa moja. Ndiyo maana sekta moja ya kijijini yenye mgodi inaweza kuwa na makuta kuliko komine nzima ya mjini. Yetu haina mgodi. Iko na soko.

Nikamuuliza papa mshauri: soko letu liliingiza ngapi mwaka jana? Akafunga daftari polepole. "Sijaonyeshwa."

Hapo ndipo hasira ilihama. Katika vipaumbele vyote vya wino wa bluu hakukuwa na mstari wa hesabu. Mama wa nyanya analipa tiketi kila asubuhi, mvua ama jua, na mtu tuliyemchagua apige kura ya bajeti hajui tiketi zile zinafika wapi. Kwa mawazo yangu, mshauri anayeahidi kokoto kabla ya kuona kitabu cha mapato anaahidi kitu cha mtu mwingine. Tulimwambia hivyo, kwa heshima. Hakukasirika. Akafungua daftari tena, akaandika "bajeti" juu kabisa, penye nafasi kidogo.

Kuhusu viwanja nitakuwa mfupi. Jirani mmoja alijenga ukuta palipokuwa njia ya maji, na baadhi yetu walitaka tuubomoe usiku. Miye nilikataa. Yule baba ana karatasi, alinunua kwa makuta yake. Tangu sheria ya 1973 ardhi ni ya Leta, na sahihi ya cheti haitoki kwa mshauri. Anachoweza baraza ni kudai ramani, kuonyesha maji yanapita wapi, na kuandikia ofisi ya ardhi kabla kiwanja cha pili hakijauzwa. Maji yenyewe, vijana tuliyatafutia njia ya pembeni siku ya salongo. Haitashika miaka miwili.

Barua yetu kwa burgumestri ina mistari 9. Tunaomba kuona bajeti ya komine iliyopigiwa kura na hesabu ya mapato ya soko. Tulipeleka nakala mbili, moja ikabaki, nyingine ikapigwa muhuri na tarehe. Wenzangu, msikubali kamwe kuacha barua bila muhuri ule. Papa mshauri aliahidi kuuliza swali lile lile kwa mdomo kwenye kikao. Mwezi umepita, jibu bado. Nakala iko kwangu, nimeitia ndani ya plastiki, juu ya mvua.