Kabla ya kufuga samaki, jifunze kufuga maji

JE, msomaji, umewahi kumnunulia mtoto zawadi, kisha ukaizika nyuma ya nyumba kabla ya juma kwisha? Hayo yalimfika mwandishi wa makala haya.

Binti yangu alikuwa amemwona samaki huyo katika filamu ya Finding Nemo, iliyotolewa mwaka wa 2003. Ni kisamaki cha rangi ya machungwa chenye mistari mitatu myeupe. Waingereza humwita klauni, yaani mchekeshaji wa sarakasi, kwa sababu ya rangi zake na jinsi anavyotikisa mwili akiogelea.

Jumamosi asubuhi nilinunua tangi la kioo. Adhuhuri nikachanganya maji na chumvi, na jioni samaki klauni wawili walikuwa ndani. Kufikia Alhamisi, wote wawili walikuwa wakielea ubavu.

"Mama, ni sisi tuliowaua?" binti akauliza.

Jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Tuliwaua kwa haraka zetu.

Maji mapya ni sumu

Samaki yeyote hutoa uchafu, na uchafu huo huzaa sumu iitwayo amonia. Baharini maji ni mengi na sumu hiyo hupotelea mbali. Katika tangi haina pa kwenda, ila iliwe na bakteria. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Nitrati hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ndogo ya maji mara kwa mara, takriban asilimia 10 kila wiki.

Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuenea kwenye mawe na mchanga. Wakati huo wote tangi hukaa bila samaki. Unatia punje chache tu za chakula zioze, huku ukipima maji. Amonia na nitriti zikishafika sufuri na kubaki hapo, ndipo unapoweza kwenda dukani.

Anayeanza asichukue tangi la chini ya lita 100, maana maji yakiwa machache huharibika upesi. Kila lita huhitaji takriban gramu 35 za chumvi maalum ya matangi ya bahari, yaani kilo tatu na nusu kwa lita 100. Chumvi ya jikoni haifai. Maji ya mfereji nayo yana klorini, kwa hivyo lazima yasafishwe kwanza.

Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 27. Mkazi wa Nairobi anayeijua baridi ya Julai ataelewa kwa nini kipasha joto ni cha lazima.

Jambo jingine huwanasa wengi. Maji yakipungua tangini, ongeza maji matamu, si ya chumvi! Kinachopaa hewani ni maji pekee; chumvi yote hubaki. Ukiongeza ya chumvi kila siku, utawakausha samaki wako wakiwa majini.

Aidha, stima ikipotea pampu husimama na hewa hupungua majini. Weka akiba ya pampu ndogo ya hewa inayotumia betri.

Matumbawe nayo yana uhai

Wengi hudhani matumbawe ni mawe ya urembo. La hasha! Ni wanyama wadogo mno wanaoishi kwa makundi, na ndani ya miili yao mna mwani unaowapikia chakula kwa nguvu ya mwanga. Ndiyo sababu tangi la matumbawe huhitaji taa kali kwa saa nane hadi kumi kila siku. Joto likizidi, matumbawe huufukuza mwani huo, yakabaki meupe na huenda yakafa. Ndivyo ilivyotokea katika pwani yetu mwaka wa 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi. Kipasha joto kibovu kinaweza kuleta msiba uo huo sebuleni.

Baharini samaki klauni hujificha ndani ya anemoni, mnyama mwenye mikono laini inayochoma. Ute ulio juu ya ngozi ya klauni humkinga asichomwe, naye humfukuza adui wa mwenyeji wake. Hata hivyo anemoni ni mgumu kufugwa, na tangi changa humuua. Mara nyingi klauni huridhika na matumbawe laini, akalala humo kana kwamba amefika kwao.

Baba kugeuka mama

Msomaji, hapa filamu haikusema yote. Samaki klauni wote huzaliwa na uwezo wa kuwa madume. Katika kundi, mkubwa kuliko wote ndiye jike, na anayemfuata ndiye mumewe. Jike akifa, mume huyo hugeuka jike, na dume jingine likapanda cheo. Kwa hivyo ukinunua wawili, chagua mmoja mdogo na mmoja mkubwa, wataelewana. Wakitaga, baba ndiye mlezi: huyapepea mayai kwa mapezi kwa takriban wiki moja hadi yaanguliwe usiku.

Wanunuliwe wapi?

Swali hili ndilo lililotusumbua sana baada ya mazishi yale. Klauni wa filamu hapatikani pwani yetu. Kwao ni huko Indonesia, Ufilipino na kaskazini mwa Australia. Sisi tuna jamaa zake, akiwemo wa kahawia mwenye mistari miwili myeupe.

Tangu miaka ya 1970 wataalamu wamejua kuwazalisha klauni matangini. Muulize mwenye duka kama samaki wake alizaliwa tangini au alivuliwa. Wa tangini amezoea kioo na chakula cha makopo, na bahari haikupunguziwa kitu. Klauni akitunzwa vyema huishi zaidi ya miaka 10, kwa hivyo anayemnunua mtoto akiwa darasa la pili ajue kwamba huenda samaki akamwona akimaliza shule.

Na kama uwezo wa tangi haupo, usihuzunike. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968, na ile ya Kisite, ziko wazi kwa familia. Uvuvi humo ni marufuku, lakini kutazama kunaruhusiwa.

Sisi tulingoja wiki sita kabla ya kujaribu tena. Binti ndiye aliyepima maji kila Jumamosi na kuandika tarakimu katika daftari. Wiki ya tano nilimwambia kwamba pengine yatosha. Akanitazama, akasema amonia bado.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Siku hizi anayenikumbusha hilo ni mtoto.