Barua ya mke wa mkulima ilivyozaa kamioneti



Katika mikutano yetu neno moja halikosi: "Mavuno iko, lakini gari iko wapi?" Mihogo inaharibika kando ya barabara, na mwenye kamio anapanga bei anavyotaka. Wakulima wa nchi zingine nao walipitia taabu hiyo zamani. Tuwape habari yao.

Huko Marekani, mwaka 1917, kampuni ya Ford ilitoa kamio ndogo, Model TT, ya kubeba kama tani 1. Kiwanda kiliuza chasi tu. Kabini na sanduku la mzigo, mnunuzi alijitafutia kwa seremala. Wakulima wengine walikata gari ya kawaida upande wa nyuma, wakafunga sanduku la mbao. Mwaka 1925 Ford yenyewe ikatoa Model T yenye sanduku la chuma tayari, kwa dola 281.

Lakini habari inayotugusa zaidi ni ya Australia. Mwaka 1932, mke wa mkulima wa Gippsland aliandikia Ford barua. Hawakuwa na makuta ya kununua gari mbili. Aliomba moja tu: Jumapili iwapeleke kanisani bila kulowana, Jumatatu ipeleke nguruwe sokoni. Kazi ikapewa kijana wa kiwanda cha Geelong, Lewis Bandt, wa miaka 22 hivi. Akaunganisha kabini ya gari ya watu na sanduku la nyuma, vikawa bodi moja. Gari hiyo ilitoka 1934, ikibeba zaidi ya kilo 500.

Mama yule hakuandika "tunaomba gari" basi. Alisema mzigo gani, siku gani, na uwezo wao unafika wapi. Maombi mengi tunayopokea hayasemi hivyo, na hatujui tuyajibu namna gani. Sisi pia tuna kosa: tunauliza hekta, hatuulizi mzigo.

Basi mbele ya mkutano ujao, kila koperative iandike mambo manne: kilo ngapi zinatoka kwa juma, soko ni siku gani, barabara iko namna gani wakati wa mvua, na sanduku lenu linaweza kutoa ngapi. Pengine jibu litakuwa kamioneti, pengine pikipiki ya magurudumu matatu, pengine kukodi pamoja na koperative jirani. Karatasi hiyo ndiyo itatuonyesha.