Doa Lisilokuwa Mwilini

Doa jeupe katika sehemu ya juu ya pafu ni jambo ambalo tabibu yeyote wa mkoa wa Singida hulitazama kwa hadhari kubwa, kwa kuwa huko ndiko kifua kikuu cha watu wazima hupendelea kufanya maskani yake, na huko huko ndiko vumbi la mawe, linalovutwa miaka nenda miaka rudi na wachimbaji wa dhahabu wa Sekenke na Londoni, huacha vijivimbe vyake. Lakini yako madoa ambayo hayamo katika pafu la mtu yeyote. Yamezaliwa na chembe ya mchanga iliyotua juu ya bamba la kupokelea mionzi, au na msuko wa nywele uliolala begani, au na hesabu ya kompyuta iliyopotoka, nayo huonekana kiooni kwa sura ile ile ya maradhi, yakaweza kumtia mtu mzima katika matibabu ya miezi sita asiyoyahitaji, au, baya zaidi, kuusitiri ugonjwa wa kweli nyuma ya kivuli cha uongo.

Tangu Wilhelm Röntgen alipoivumbua mionzi hii mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895, na kwa karibu karne nzima baada yake, picha ya eksirei kwa sehemu kubwa ilikuwa filamu iliyosafishwa gizani kwa dawa, na dosari zake zilikuwa dosari za filamu: alama za vidole, matone ya dawa, michirizi ya umeme wa msuguano. Mwaka 1983 kampuni ya Fuji ya Ujapani iliingiza sokoni bamba linalotunza picha bila filamu, na baadaye zikaja paneli ambazo huipeleka picha kwenye kompyuta papo hapo. Nchini Tanzania, sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021 ilinunulia hospitali za umma mashine za eksirei za kidijitali. Ni neema iliyo dhahiri. Hata hivyo wako wanaodhani kwamba picha ikipita katika kompyuta imekwisha kutakaswa na kila taksiri, na dhana hiyo ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu, maana kompyuta huongeza njia mpya za kukosea, na nyingine kati yake ni za siri kuliko zile za kale.

Tuanze na vumbi, kwa sababu Singida ni nchi ya vumbi. Mvua zikishakatika karibu na mwezi wa Aprili, hufuata miezi mirefu ya ukavu na upepo, upepo ambao kwa nguvu zake mkoa huu umefikiriwa kwa muda mrefu kuwa mahali pa mitambo ya umeme, na vumbi lake halibishi hodi. Bamba lile lisilo na filamu, lililofungiwa ndani ya kasha liitwalo kaseti, hutunza nguvu za mionzi iliyopenya mwili wa mgonjwa. Kaseti ikiingizwa katika mashine ya kuisoma, iitwayo msomaji, mwale mwekundu wa leza hupita juu ya bamba mstari baada ya mstari, nalo hutoa nuru ya samawati ambayo hupimwa na kugeuzwa kuwa picha. Chembe ya vumbi ikikaa juu ya bamba huizuia nuru hiyo, na mahali pasipo nuru kompyuta huandika weupe, ambao katika eksirei ni lugha ya mfupa, ya maji na ya uvimbe. Vumbi likiwa limeingia ndani ya msomaji mwenyewe na kukaa juu ya kiongoza nuru, halitoi doa. Hutoa mstari mweupe ulionyooka kutoka ncha moja ya picha hadi nyingine, kwa kuwa bamba hupita chini yake likisogea.

Hapa ndipo akili ya mtaalamu wa mionzi huonekana, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya kazi yake inayostahili heshima kuu. Hakimbilii kuomba mgonjwa apigwe picha ya pili. Huchukua kaseti nyingine, akapiga picha ya meza tupu, kisha akaitazama. Doa likitoweka, lawama ni ya kaseti ya kwanza, ambayo hufunguliwa na bamba lake kufutwa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi na kwa dawa ile tu iliyoagizwa na mtengenezaji. Likibaki pale pale katika kila kaseti, basi ni la msomaji au la mashine yenyewe, na kuligeuza bamba juu chini hutoa ithibati ya mwisho: lililo katika bamba hugeuka pamoja nalo, lisilo lake halitikisiki.

Bamba lina udhaifu mwingine, nao ni kusahau na kukumbuka kupita kiasi. Likicheleweshwa kusomwa kwa saa 8, hupoteza karibu robo ya kile lilichotunza. Na lisipofutwa vyema kwa nuru kali baada ya picha nzito ya kiuno, mabaki yake huweza kujitokeza, hafifu kama yalivyo, juu ya kifua cha mtoto anayefuata.

Paneli za kisasa zimeepukana na mengi ya hayo, lakini zina fitina zao. Paneli ya sentimita 43 kwa 43 huwa na vipokezi vidogo zaidi ya milioni 9, na hakuna viwili vilivyo sawa kabisa: kimoja hupokea kwa wepesi, kingine ni kizito, kingine kimekufa tangu kiwandani. Kwa hiyo kompyuta hufundishwa kwanza picha ya giza, ambayo hupimwa bila mionzi na kutolewa katika kila picha, kwa sababu vipokezi hunong'ona hata visipoguswa, na joto likizidi minong'ono hiyo huongezeka. Kisha hufundishwa picha ya mionzi mitupu, isiyokuwa na kitu kati ya mashine na paneli, ili ijue ni kipokezi gani cha kupandishwa na kipi cha kushushwa. Vilivyokufa hujaziwa wastani wa majirani zao.

Sasa fikiri kwamba siku ya kusawazisha, yaani ya kuifundisha kompyuta hivyo, tone la dawa ya bariamu lilikuwa limekauka juu ya kifuniko cha taa ya mashine bila ya mtu kulitambua. Kompyuta itaamini kwamba vipokezi vilivyokuwa kivulini mwa tone hilo ni vizito kwa maumbile yao, na tangu siku ile itavipandisha zaidi ya haki yao. Ni sawa na mizani ya alizeti iliyosawazishwa huku kijiwe kimesahauliwa juu ya kitanga: kijiwe kikishaondolewa, kila gunia litapimwa pungufu. Tone likifutwa kesho yake, kila mgonjwa atapata doa jeusi mahali pale pale, na doa jeusi katika pafu laweza kufanana na tundu linalochimbwa na kifua kikuu. Kosa hili halitoki kwa kufuta wala kwa kubadilisha paneli. Dawa yake ni kusafisha kila kitu kilicho katika njia ya mionzi na kusawazisha upya.

Kuna dosari ambazo mgonjwa huja nazo mwenyewe. Nywele zilizosukwa na kuungwa nyuzi hutupa kivuli juu ya ncha za mapafu, hirizi iliyoshonwa katika ngozi huonekana kama uvimbe, shanga za kiunoni hupita juu ya nyonga, na bangili na mapambo ya shaba ya akina mama wa Kibarbaig na Kitaturu hung'aa kuliko mfupa. Hakuna programu iliyobuniwa iwezayo kurudisha kilichofichwa nyuma ya shaba. Lililopo ni kauli njema: mama aambiwe kwa faragha sababu ya kuombwa avue, apewe kanga safi na mahali pa kujisitiri, na mzee asiyetaka kuachana na hirizi yake aulizwe kama aweza kuishika mkononi, mbali na kifua, kwa muda wa pumzi moja.

Ninalolihofia zaidi ni wepesi wa kompyuta kupamba. Programu zaweza kufuta mistari ya kichujio, kile alichokianzisha Gustav Bucky mwaka 1913 ili kuzuia mionzi iliyotawanyika. Zaweza kulainisha chengachenga, kukoleza kingo, na kujaza mashimo. Kujaza kipokezi kimoja kilichokufa hakudhuru, lakini kujaza kundi la vipokezi vilivyo pamoja ni kubuni, na ufa mwembamba wa mfupa waweza kumezwa humo usionekane tena. Kukoleza kingo kupita kiasi huzungushia chuma kilichopandikizwa mfupani ukingo mweusi, ambao daktari aweza kuudhania kuwa chuma kimelegea. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limeruhusu kompyuta zisome zenyewe picha za kifua katika kutafuta dalili za kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi, na kwa mkoa ambao madaktari bingwa wa mionzi ni adimu hilo lina manufaa makubwa. Lakini kompyuta isomayo picha yenye doa la vumbi haina njia ya kwenda kuifungua kaseti. Kwa sababu hiyo naona ni wajibu picha ghafi, ile iliyokuwapo kabla ya kupambwa, ihifadhiwe pamoja na iliyorekebishwa, ili mwenye shaka apate pa kurejea.

Kurudia picha nako kuna gharama yake. Picha moja ya kifua humpa mtu mionzi ya takriban milisiveti 0.02, kiasi kidogo mno mbele ya milisiveti 2.4 ambazo mwanadamu kwa wastani huzipata kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Lakini ya uti wa mgongo wa kiunoni huipita hiyo kwa makumi ya mara, na mgonjwa aliyetoka Mkalama au katika vichaka vya Itigi, akiambiwa arudi kesho, hulipa kwa nauli na kwa siku ya shamba.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyowekwa kwa Sheria namba 7 ya mwaka 2003, hukagua usalama wa mionzi, lakini mkaguzi hawezi kuwapo kila asubuhi upepo unapovuma. Kinachohitajika chumbani ni daftari la gharama ndogo, ambamo huandikwa namba ya kila kaseti, siku iliyosafishwa, siku paneli iliposawazishwa, na kila dosari iliyoonekana pamoja na mahali ilipo. Likiwapo daftari hilo, na likisomwa, mtaalamu anayepokea zamu ya usiku atajua kwamba kaseti ya tatu ina mkwaruzo upande wa kushoto, na hataiweka nyuma ya kifua cha mchimbaji anayekohoa mpaka bamba lake libadilishwe.