Tuziokoe Picha za Arusi Zilizomo Katika Santuri

Katika makabati ya sebule nyingi za Afrika ya Mashariki zimo santuri za VCD na DVD zenye picha za arusi, ubatizo na maziko. Baadhi ya wazee waonekanao humo wamekwisha kututoka, na huenda sauti zao hazipatikani mahali pengine popote. Lakini santuri zinazochomwa na wapiga picha hutegemea utando mwembamba wa rangi, ambao hufifia kwa miaka, hasa ukipatwa na jua, joto na unyevu. Haifai basi kungoja.

Kwanza, isafishe santuri. Tumia kitambaa laini, upanguse kutoka katikati kwenda ukingoni, wala usizungushe mkono. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa santuri huharibu habari nyingi zinazofuatana, na mtambo hushindwa kuzisahihisha.

Pili, nakili kabla ya kubadilisha. Ndani ya DVD mna folda iitwayo VIDEO_TS, yenye mafaili yaishiayo kwa VOB, ambayo kila moja halizidi gigabaiti 1. Nakili folda nzima, kwani picha moja ya arusi imegawanywa katika mafaili hayo. Katika VCD, tafuta folda ya MPEGAV yenye mafaili ya DAT. Kunakili kukikwama, safisha tena, kisha jaribu kompyuta nyingine. Mitambo haina uwezo sawa wa kusoma santuri iliyochakaa. Kompyuta isiyo na mahali pa kutia santuri huhitaji kisomeo cha kuchomeka kwa waya wa USB.

Sasa tuseme faili limenakiliwa, lakini linatoa sauti bila picha. Watu wengi hudhani limeharibika, kumbe sivyo. Faili la video ni mfano wa bahasha yenye barua. Jina la mwisho, kama AVI, MP4 au MKV, ni bahasha tu. Picha na sauti zilizo ndani zimeandikwa kila moja kwa lugha yake. Programu isiyoijua lugha ya picha itasoma sauti peke yake. Ndiyo maana kubadili jina la faili hakuleti dawa: umebadili bahasha, barua ni ile ile.

Kompyuta za Windows, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, haziji tena na uwezo wa kuchezesha DVD. Programu ya bure ya VLC huondoa shida hiyo, kwa kuwa inazijua lugha nyingi. Ilitokana na kazi iliyoanzwa na wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996.

Kwa kubadilisha DVD kuwa faili moja la MP4, programu ya HandBrake, nayo ya bure, hufaa. Ielekeze kwenye folda ya VIDEO_TS, si kwenye VOB moja moja, na uchague lugha ya H.264, ambayo simu na televisheni nyingi huisoma. Ikiwa watu wanaocheza ngoma wanaonekana na mistari kama meno ya kitana, washa kichujio cha kuondoa mistari hiyo. Usijaribu kuikuza picha kupita vipimo vyake: DVD ya mfumo wa PAL ina nukta 720 kwa 576 tu, na kuikuza huongeza uzito wa faili, si uwazi wa sura.

Faili likikataa kuingia katika fleshi ingawa nafasi ipo, tazama mpangilio wa fleshi hiyo. Mpangilio wa FAT32 haupokei faili linalofikia gigabaiti 4, exFAT hulipokea. Lakini kubadili mpangilio hufuta vyote vilivyomo, hivyo viondoe kwanza.

Mwisho, tazama faili jipya mwanzo, katikati na mwisho, uhakikishe midomo na sauti vinakwenda pamoja. Weka nakala mbili mahali pawili, moja ikiwezekana kwa ndugu anayekaa mbali. Na santuri yenyewe usiitupe. Irudishe katika jalada lake, isimame wima mahali pakavu penye kivuli.